Lenzi ya Kwaya

Niseme mapema, kabla wengine hawajanisemea. Katika Nakuru nzima, kuanzia landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, mpaka ukingo wa kreta ya Menengai, hakukuwa na kijana aliyejua kuchagua lenzi kama mimi, na hakukuwa na msichana aliyewahi kunifanya nitazame barabara mara mbili. Nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa nimesoma mpaka Form Two, nywele zangu zimegawanywa kwa mstari ulionyooka kama njia ya gari la moshi, na kazi yangu ilikuwa ya kivulini. Wenzangu wa darasani walikuwa makarani wa kugonga mihuri. Mimi nilikuwa nawaamuru watu wazima wainue kidevu, wafunge midomo na wasipumue, nao wanatii.

Studio ilikuwa ya mzee mmoja wa Kihindi ambaye mji mzima ulimwita Babu. Babu alikuwa na kamera kubwa ya mbao yenye miguu mitatu. Ukitaka kuitumia unajifunika kitambaa cheusi kichwani, unatazama kioo cha nyuma, na dunia yote unaiona kichwa chini miguu juu. Kamera ilikuwa moja lakini macho yake yalikuwa matatu: lenzi tatu, kila moja kwenye droo yake, imeviringishwa flana. Babu alizijua kwa namba. Mimi nilizibatiza.

Ile ndefu niliiita Uso, kwa sababu ilimvuta mtu mpaka uso wake ukajaa picha yote. Ya katikati niliiita Mkate, kwa kuwa ilikuwa ya kila siku. Ya tatu ilikuwa fupi na nene, kioo chake kimetuna kama jicho la chura, nayo niliiita Kwaya. Hiyo ndiyo lenzi pana. Haikutoka drooni ila siku ya kwaya ya kanisa au timu ya mpira ya reli, watu thelathini na chumba ni kimoja. Iliwaingiza wote, hilo silikatai, lakini waliosimama mwisho wa mstari walinenepa kama watu waliotoka arusi mbili kwa siku moja. Mwimbaji mmoja aliwahi kurudisha picha yake akataka tumpunguze. Basi niliidharau Kwaya. Lenzi isiyojua kuchagua, nilikuwa nikisema, ni kama mgeni anayeingia uani akasalimia mpaka mbuzi.

Chepkemei aliingia Jumatatu moja ya Novemba, mwaka wa hamsini na sita, wakati mvua ndogo zilikuwa zimeanza. Alikuwa amevaa sweta nzito ya kijani, nikajua ni mtu wa kule juu kwenye baridi. Baadaye nilisikia kwamba alikuwa anafundisha watoto wadogo Elburgon, akingoja mwezi wa kwanza aende chuo cha ualimu upande wa Kapsabet.

"Mnapiga picha ya kitu kilicho ndani ya maji?" akauliza.

"Tunapiga hata kilicho ndani ya moyo," nikamwambia. "Mradi mwenyewe atulie."

Hakucheka. Alinitazama jinsi mwalimu anavyomtazama mtoto aliyejibu swali la jana.

"Nimeuliza maji," akasema.

Nikamvutia kiti. Akaeleza, na mimi nikanyamaza, jambo ambalo Babu, aliyekuwa akichanganya dawa nyuma ya pazia, alikuja kuchungulia kama ni kweli.

Baba yake, Kipkoech, alichukuliwa vitani mwaka wa arobaini na moja. Asubuhi ya kuondoka alipanda mwerezi uliokuwa bondeni karibu na nyumba yao, akafunga mzinga wa nyuki kwenye panda ya mti kwa waya wa simu, akashuka, akaenda. Chepkemei alikuwa na miaka minne. Hakurudi. Wala haikuja barua ya kusema amekufa. Ilikuja moja tu ya kusema hajulikani alipo, anatafutwa. Kisha Mzungu mwenye shamba akaziba mto apate bwawa la ng'ombe. Watu wakahamishiwa mlimani, na bonde likajaa maji. Mwerezi ulikufa umesimama. Ncha yake ilionekana juu ya maji, na mzinga ulikuwa chini, kina cha mikono miwili, bado umefungwa na waya. Chepkemei alikuwa amejifunza kuogelea katika bwawa hilo hilo. Alikuwa akizama, akiuona, akirudi kumwambia mama yake.

"Na kwa nini usikate waya ukampelekea mama mzinga wake?" nikauliza.

"Si wake. Ni wa baba."

"Baba hayupo."

"Kwetu mzinga wa mtu haushikwi na mtu mwingine, hata mke, hata mtoto. Anayeushusha ni mwenyewe, au ni ndugu zake siku wakikubali kwamba amekufa. Mama yangu hajakubali."

Ubavuni mwa mzinga kulikuwa na alama ya baba yake, iliyochomwa kwa chuma cha moto: mkato mmoja mrefu na vidogo viwili upande mmoja. Kila mwenye mizinga ana alama yake. Mama yake hakuwa ameiona tangu maji yapande, na sasa Mzungu alikuwa ametangaza kwamba baada ya Jumapili mbili angeleta trekta na minyororo ang'oe miti yote iliyokufa, apate nafasi ya mashua yake ya kuvulia samaki.

"Hatuna picha ya baba hata moja," Chepkemei akasema. "Sura yake mimi siijui. Mama ananiambia, tazama alama ile, ile ndiyo uso wake. Ninachotaka ni aione mara moja kabla trekta halijafika."

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo mtu asiyefanya kazi ya studio hawezi kulifanya. Nilisikia neno uso. Mikono yangu ikaenda yenyewe kwenye droo ya kwanza.

"Dada," nikamwambia, "umefika kwa mwenyewe."

Alipotoka nilisimama mlangoni kuhakikisha hajasahau mwavuli. Hakuwa na mwavuli. Nilihakikisha mpaka akapinda kona ya posta.

*

Jumapili ya kwanza, kituoni Nakuru, askari aliniamuru nifungue sanduku la kamera. Siku zile za hali ya hatari, sanduku la mtu mweusi halikupita bila kufunguliwa.

"Hii ni nini?"

"Ni jicho la kutazama chini ya maji, afande."

"Nani yuko chini ya maji?"

"Mzinga wa nyuki."

Alinitazama sana. Kisha akamwita mwenzake, nikarudia, wakacheka mpaka gari la moshi likapiga filimbi. Nilipanda nikiwa nimeridhika. Mtu akichekesha askari wawili kwa neno la kweli, ana kipaji.

Elburgon ilininukia mbao mbichi na moshi. Mjomba wa Chepkemei, Kipkemei, seremala wa kiwanda cha mbao, alikuwa amenitengenezea sanduku kwa maelezo niliyotuma: mbao nzuri, juu wazi, na chini badala ya mbao kuna kioo cha dirisha. Viungo alikuwa amevipaka lami na kuvibana kwa vipande vya mpira wa tairi. Ukiliteremsha majini nusu yake, kamera ikalala ndani imetazama chini, kioo kinaona kilicho majini na kamera inabaki kavu. Kipkemei alikuwa mtu wa maneno machache. Alilipiga ngumi sanduku, akasema, "Halivuji," akarudi kwenye randa yake.

Mama yake Chepkemei, Mama Jepchumba, alikuwa ameketi ukingoni mwa bwawa juu ya gunia, miguu ameinyoosha, shali mabegani. Nilitarajia kikongwe, nikakuta mwanamke mrefu ambaye macho yake hayakuwa na haraka. Nikamwamkia. Akaitikia, akauliza jina.

"Nicodemus, mama."

"Yule wa Biblia alikwenda kwa Yesu usiku, asionekane na watu."

"Mimi nimekuja mchana, mama. Gari la moshi la usiku halina viti."

Akatikisa kichwa. Sikuweza kujua kama amecheka.

Sasa niungame jambo moja. Mimi maji nayajua ya kunywa na ya kunawa. Walinilaza kifudifudi juu ya magogo mawili yaliyofungwa pamoja, kamba imefungwa kwenye ncha ya ule mwerezi, sanduku mbele yangu, kitambaa cheusi kichwani, na kila wimbi dogo lilinikumbusha sala niliyosahau tangu kipaimara. Chepkemei alikuwa majini kando yangu, amevaa gauni kuukuu, ametulia kama mtu aliye jikoni kwake.

"Unatetemeka," akasema.

"Ni baridi."

"Hujagusa maji."

"Ninatetemeka kwa niaba yako."

Kwa lenzi ya Uso, mzinga ulinijia mkubwa na karibu, na nikajiona hodari. Ulijaa kioo chote mpaka ukamwagika. Sikuona alama, niliona ubao. Kwa hiyo nikamwambia Chepkemei alegeze kamba, tukasogea kando, nikaliinamisha sanduku niutazame kwa mbali. Hapo mzinga ukaingia wote, lakini ulikuwa kivuli ndani ya chai ya maziwa. Nikadhani kioo kimeingia ukungu, nikakifuta. Nikapiga filamu zote sita nilizokuja nazo, kila moja ya picha moja, nikamwambia mama, "Wiki ijayo utamwona kama alivyokuwa."

Nilisema hivyo. Sitaki kulifuta.

Jumatatu nikaziosha. Picha sita, zote sita zilikuwa picha za ukungu. Katika moja kulikuwa na doa jeusi ambalo ukipenda ungesema ni mzinga, na usipopenda ungesema ni ng'ombe.

Babu alizitazama moja moja kwenye mwanga wa dirisha. Hakunigombeza. Angenigombeza ningempenda zaidi.

"Umechukua lenzi gani?"

"Uso."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni uso, Babu. Na uko mbali, nikataka kuuvuta."

Akaenda nyuma ya duka, kwenye pipa la maji ya mvua, akaniita. Akatupa ndani konzi ya udongo, akakoroga kwa mti, kisha akachukua kitana changu kutoka mfuko wangu wa nyuma, kitana kilichochora ule mstari wa reli, akakizamisha kwa uzi mpaka chini.

"Unakiona?"

"Sikioni."

Akakivuta mpaka kikawa kimo cha kiganja chini ya maji. "Sasa?"

"Sasa nakiona."

"Umebadilisha lenzi?"

"Hapana."

"Nimepunguza nini?"

Nikafikiri. "Maji."

"Maji," akasema Babu. "Wewe unafikiri lenzi ndefu inavuta kitu. Inavuta kitu na maji yake yote. Uchafu wote ulio kati yako na mzinga unakuja nao. Ukitaka kuona ndani ya maji, usivute. Nenda. Karibu kabisa, mpaka kioo kikaribie kugusa."

"Nilikwenda karibu, Babu. Nikaona ubao mtupu."

"Kwa sababu Uso haiwezi kula kitu kikubwa ikiwa karibu. Na tena maji yenyewe ni lenzi. Weka mkono."

Nikauweka. Mkono wangu ulinenepa na kusogea juu, kama wa mwimbaji wa mwisho wa mstari.

"Unaona? Majini kila kitu kinajileta mbele, kinajifanya kikubwa. Lenzi ndefu inakuwa ndefu zaidi. Hata Mkate inakuwa ndefu. Inabaki moja tu inayoweza kukaa karibu na bado ikaona kitu chote na pembeni zake."

Sikutaka kuitaja. Akanitajia yeye, kwa jina nililoibatiza, na hapo nikajua kwamba siku zote alikuwa akinisikia kutoka nyuma ya pazia.

"Kwaya," akasema.

Kisha akasimama pale kwenye pipa, akikoroga maji yaliyokuwa yameanza kutulia. Akaniambia kwamba kwao ni mji wa baharini, na kwamba alipokuwa wa umri wangu alikuwa akijilaza ukingo wa gati akitazama samaki, akiwaza sanduku kama lile la Kipkemei. Baba yake akamtuma Afrika akauze vitambaa. "Nakuru kuna ziwa," akasema, "lakini ni la kuwatazama ndege. Huwezi kutia kamera kwenye magadi yale." Akanipa filamu sita nyingine, akanirudishia kitana.

Wiki ile nilifagia veranda ya studio mara nyingi kuliko ilivyokuwa na vumbi, hasa saa ya gari la moshi kutoka juu. Babu aliniuliza kama nimeajiriwa na manispaa. Nikamwambia usafi ni nusu ya biashara. Ningekuwa mtu wa kutazama barabara, ningesema nilikuwa naitazama. Nilikuwa nafagia.

*

Jumapili ya pili ilikuwa ya mwisho. Trekta lilikwisha kufika. Lilikuwa limeegeshwa juu ya ukuta wa bwawa, minyororo imerundikwa nyuma yake, na watoto wanazungukazunguka wakilihesabu magurudumu. Mama Jepchumba alikuwa ameketi pale pale, juu ya gunia lile lile, amelipa trekta mgongo.

"Leo utamwona, Nicodemus?" akaniuliza.

Nilikuwa nimeandaa mzaha njiani, tangu kituo cha Njoro. Nikauacha.

"Leo nimeleta lenzi nyingine, mama."

Tulifanya alivyosema Babu. Tulivuta magogo mpaka juu ya mzinga kabisa, na Kipkemei akatufungia mawe mawili kwenye sanduku ili lizame zaidi. Kioo kilikaa juu ya mzinga kwa umbali wa mkono mmoja. Nikaingia chini ya kitambaa cheusi, nikafungua ile lenzi yenye jicho la chura, nikatazama.

Nilikuwa nimeitukana bure. Vyote vilikuwamo. Mzinga mzima, kutoka mdomo hadi mdomo. Waya wa simu, ulioshika kutu, umezungushwa mara nne na fundo kuvutwa na mtu aliyekuwa na haraka. Panda ya mti, na matawi meupe yakishuka gizani kama ngazi. Ila ubavu wenye alama, uliokuwa umetazama juu, ulikuwa umefunikwa na tope laini.

"Tope," nikamwambia Chepkemei. "Pale kwenye alama. Lifute."

"Siwezi kuushika."

"Basi tufanye nini?"

Akafikiri, kisha akavuta pumzi, akazama. Nikamwona akija kwenye kioo changu kichwa chini, nywele zimesimama, mashavu yamejaa hewa. Hakuugusa mzinga. Aliweka kiganja karibu na ubao akaanza kupepea maji, polepole, jinsi mtu anavyopepea makaa yaliyokaribia kuzima. Tope likainuka kama moshi, likasogea. Mkato mrefu ukatokea, kisha kile kidogo cha kwanza, kisha cha pili.

Nikapiga. Akapanda kuvuta pumzi, akazama tena, akapepea. Nikabadilisha filamu, nikapiga. Mara tano. Kila mara nilipokwisha kubonyeza, yeye akitokeza kichwa juu ya maji, alihesabu kwa sauti ili mama yake asikie ukingoni, "Moja, mama. Mbili, mama."

Baada ya ile ya tano alisema amechoka, anakwenda nchi kavu. Ilibaki filamu moja. Mtu mwenye akili angepiga mzinga mara ya sita, kwa usalama. Chepkemei alizama badala ya kuogelea juu, akaelekea upande wa matete ya ukingoni kwa chini, na mimi nilikuwa bado chini ya kitambaa.

Kama ningekuwa na Uso, ningepata sura yake tu. Kwaya haikujua kumvuta. Ilinipa mtu mzima mdogo, kuanzia vidole vya miguu hadi ncha za mikono, na maji yote yaliyomzunguka, na mbele yake nafasi kubwa yenye mwanga anakokwenda. Sijawahi kuona nafasi kubwa namna ile ndani ya kitu cha inchi nne. Niliishikilia hapo. Alizidi kuwa mdogo. Nikawaza mwezi wa kwanza, na kwamba kutoka Kapsabet hakuna gari la moshi la kupita mbele ya veranda ya mtu.

Nikabonyeza, ili filamu isiharibike bure.

"Sita, mama," nikasikia. Alikuwa ametokeza kichwa kwenye matete. Sikujua amesikiaje.

*

Jumatatu trekta likaingia. Walisema mwerezi ulitoka kwa mnyororo wa kwanza, na mzinga ukapasuka ulipogonga ukuta, mbao zikaenda na tope. Mama Jepchumba hakwenda kutazama. Alikuwa shambani akipalilia viazi, na siku ile alipalilia mpaka mpaka wa jirani.

Nilifika Jumapili iliyofuata na bahasha. Nyumba yao ilikuwa ya mbao za makapi ya kiwanda, safi, na ndani kulikuwa na joto. Chepkemei alikuwa akimimina chai. Sanduku lake la chuma lilikuwa tayari mlangoni, jipya, limeandikwa jina kwa rangi nyeupe, ingawa Krismasi ilikuwa bado. Mama alinawa mikono, akaipangusa kwa shali mara mbili, ndipo akapokea.

Nilimpangia picha mezani, tano. Ya tatu ndiyo iliyokuwa bora. Kila kitu kilisimama wazi, waya, fundo, mkato mrefu na vile viwili vidogo, na pembeni kiganja cha binti yake kikipepea.

Hakulia. Aliileta ile ya tatu karibu na macho, akaisogeza mbali, akaileta karibu tena. Kisha akaweka kidole juu ya fundo la waya, si juu ya alama.

"Alikuwa hajui kufunga fundo," akasema. "Siku zote nilimwambia litafunguka."

Chepkemei alisimama nyuma yake na birika, akitazama juu ya bega lake. Nilitazama chini. Kuna kazi ambazo mpiga picha akishazimaliza anapaswa kutoka chumbani, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti kilicho mbali na mlango.

Mama Jepchumba akazikusanya picha, akazipanga kwenye mapaja yake, akazihesabu kwa kidole.

"Ulibonyeza mara sita."

"Ndiyo, mama. Ya sita iliungua. Mwanga uliingia."

"Mwanga."

"Mwanga ni kitu kibaya sana kwa filamu, mama. Hata kidogo tu. Babu mwenyewe alisikitika."

Akanywa chai. Nikanywa chai. Ilikuwa ya moto kuliko nilivyodhani, nikaimeza hivyo hivyo.

"Baba yake huyu alikuwa mtu wa mzaha kama wewe," akasema. "Asubuhi ile alishuka mtini, watu wote wamesimama, lori la jeshi linapiga honi. Akaniambia, asali ikijaa nitarudi. Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka. Akapanda lori. Hakusema neno lingine, na miaka kumi na tano nimekuwa nikiligeuza lile, nione kama kulikuwa na lingine chini yake."

Nikazungusha kikombe changu mezani.

"Jumapili ile ya picha nilikaa ukingoni tangu mwanzo mpaka mwisho," akaendelea, na sauti yake haikupanda wala kushuka. "Wewe ulikuwa umefunikwa kichwa, hukuniona. Mara tano sanduku lako lilisimama wima juu ya mti. Mara ya sita uliliinamisha upande wa matete, ukalishikilia hivyo. Mti haukuwa upande wa matete."

Chepkemei aliacha kumimina.

"Upande wa matete alikuwako mtu mmoja tu," mama yake akasema, akaweka kikombe chini. "Iko mfuko gani?"

Nilifungua kinywa nitoe mzaha. Nimekuwa nao tangu darasa la kwanza, haujawahi kuninyima. Nikakuta ghala tupu. Na mkono wangu wa kulia, ambao haukusoma mpaka Form Two, ulikuwa umekwisha kufika kwenye mfuko wa shati.